Fundi wa Winchi na Matanga ya Nesi

Pale gatini walikuwapo mafundi wa kila namna, wa injini, wa mbao, wa rangi, lakini mtu akisema "muite Fundi" hakuna aliyeuliza yupi. Ni yule mama mfupi mwenye mkoba wa turubai na mswaki uliochomekwa sikioni, kama karani anavyochomeka kalamu. Mswaki wenyewe haukuwa wa meno. Ulikuwa wa kusugulia winchi.

Winchi, kwa asiyewahi kupanda mashua ya matanga, ni kipipa cha chuma kilichosimama sitahani. Kamba ya tanga huzungushwa kiunoni mwake, mtu akakamata mpini na kuuzungusha, na tanga ambalo watu watatu hawaliwezi kwa mikono mitupu likavutika taratibu. Kipipa chenyewe huitwa ngoma. Ndani ya ngoma mna gia, mna beringi, na mna kucha mbili ndogo zinazosukumwa na springi nyembamba. Kucha hizo ndizo roho ya winchi: zinaikubalia ngoma izunguke upande mmoja na kuikatalia upande wa pili. Zikinata, mzigo wote wa tanga humrudia aliyeshika mpini, na mpini huo ukimpiga mtu, haumwachi mzima.

Kazi hii Fundi hakuisomea. Baba yake alikuwa akitengeneza cherehani sebuleni kwao, na yeye alikulia chini ya meza, kati ya miguu ya wateja na harufu ya mafuta. Siku moja mlinzi wa gati alikuja na winchi ndani ya ndoo, imeganda kwa chumvi, imekataa katakata kufunguka. Wakati huo macho ya mzee yalikwisha kufifia. Aliipapasa juu, akaipapasa chini, akasema, "Mwanangu, hii ni cherehani isiyo na sindano. Iloweke mafuta ya taa, kisha uwe na subira nayo." Ililowekwa siku tatu. Siku ya nne binti aliigusa ikafunguka mikononi mwake, laini, kama mtu anayezinduka usingizini, na tangu siku hiyo akawa ameolewa na winchi kabla hajaolewa na mume.

Miaka ishirini na miwili ilipita hivyo. Kila asubuhi alipita kwenye magati ya mbao, akakaa chini sitahani, akavika winchi sanduku la mbao lisilo na kifuniko wala kitako ili kipande kisiruke kikazama. Alifungua parafujo ya juu, akainua ngoma, akapanga vipande juu ya taulo kwa mpangilio uleule vilivyotoka. Akaosha, akasugua, akakausha. Gia akazipaka grisi kidogo, ya kung'arisha tu. Kucha hazikupakwa grisi kamwe; zilipata tone la mafuta mepesi, kwa sababu grisi huzinatisha. Akimaliza aliizungusha ngoma kwa kidole na kufumba macho. Ti-ti-ti-ti. Hapo ndipo alipopotea. Sauti ile ilimchukua akawa hayupo gatini wala nyumbani. Mara yuko chini ya meza ya baba yake, mara yuko mahali asipopajua, peupe, pasipo na ukuta. Watu walizoea kumkuta hivyo. Walisubiri arudi.

Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kusafiri na mashua hata moja. Zilifunguliwa kamba, zikaondoka, naye akabaki anafunga mkoba. Wakimuuliza, alijibu, "Samaki hawajanialika." Ukweli ni kwamba hakuna mtu aliyemwalika, naye hakuwa mtu wa kuomba.

Sasa, kulikuwa na mashua moja nyeupe, ndogo, ya nesi mstaafu na mumewe. Mume alifariki, na mashua ikakaa miaka mitatu imefunikwa turubai. Mwishowe Nesi alimfuata Fundi.

"Fundi, nisafishie zile winchi. Shemeji yangu amepata mnunuzi."

"Umeamua kweli, dada?"

"Nimeamuliwa," Nesi akasema. "Si tofauti kubwa."

Fundi alianza asubuhi yake. Winchi zilikuwa nne. Tatu za kwanza zilikuwa na uchafu wa kawaida, chumvi na vumbi na buibui mmoja. Ya nne, iliyo karibu na usukani, alipoinua ngoma alikuta kucha zimezama kwenye grisi nene, nyeusi, kama kijiko kilichosahauliwa ndani ya asali. Akaiangalia. Kisha akaanza kucheka peke yake, mabega yakimtikisika.

Nesi alikuwa amekaa gatini juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Kuna nini?"

"Bwana yako, dada. Kila mwaka nilimwambia, kucha hazipakwi grisi. Kila mwaka akanijibu, 'Ndiyo, Fundi.' Nikigeuza mgongo tu, anafungua na kupaka."

Nesi alipanda, akachungulia. Ndani ya grisi ile mlikuwa na alama ya kidole gumba, imekauka, mistari yake yote inaonekana. Maji yalikuwa yakigonga chini ya mashua, polepole.

"Alikuwa akisema inastahili kulishwa," Nesi akasema baadaye. "Kwamba wewe unainyima."

"Mkaidi yule."

"Mkaidi kwelikweli." Nesi alipangusa macho kwa kiganja. "Unajua, Fundi, matanga ya msiba tulikwisha kuyaanua siku nyingi. Haya ya mashua sijayatweka hata mara moja. Nitauzaje kitu nikiwa sijakiaga?"

Fundi alishika mswaki lakini hakuuzamisha. "Nisafishe au niache?"

"Safisha. Safisha vizuri, halafu tutoke nayo, mimi na wewe. Mimi najua usukani. Mpini utashika wewe."

"Mimi sijui chochote, dada."

"Wewe? Hakuna tumbo la winchi hapa ambalo hujalifungua."

Basi akasafisha. Ile alama ya kidole aliiacha mpaka mwisho kabisa, kisha akaifuta.

Jioni alimwambia mumewe kwamba kesho atatoka na Nesi. Mumewe alikuwa mwalimu wa jiografia, amechora mishale ya upepo ubaoni miaka thelathini, naye pia hajawahi kupanda kitu chochote chenye tanga. "Upepo wa kesho utakuwa wa kusini-mashariki," akasema kwa uhakika. Asubuhi ilipofika upepo ulitoka upande mwingine kabisa.

Walitoka kwa injini mpaka maji yalipofunguka. Hapo Nesi akaizima. Fundi hakuwa amewahi kusikia kimya cha namna ile. Kilikuwa kipana, kina pumzi ndani yake. Wakatweka tanga kubwa, kisha la mbele. Nesi akasema, "Haya, vuta." Fundi akazungusha kamba mara tatu kwenye ngoma, akachomeka mpini, akazungusha.

Ti-ti-ti, ikaanza, ile anayoijua. Kisha tanga likajaa, kamba ikakazika hadi ikatoa matone, na sauti ikabadilika. Ikashuka, ikawa nene, ikawa inatoka mbali, kama mtu anayezungumza chumba cha pili ukiwa nusu usingizini. Fundi akaacha kuzungusha. Akaweka kiganja juu ya ngoma. Alihisi zile kucha mbili ndogo, alizoziosha kwa mikono yake, zimekamata. Na nyuma yake kamba, na nyuma ya kamba tanga, na nyuma ya tanga upepo wote uliokuwa ukija kutoka kusikojulikana. Vyote vimeegemea pale, chini ya kiganja chake, vimetulia. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, wahenga walisema, naye aliwaza kwamba miaka ishirini na miwili amezijua winchi kama mtu anavyomjua jirani aliyelala: anapumua, ni mzima, basi.

Mashua iliinama ubavu, ikateleza. Mbingu na maji vilikuwa rangi moja, na mpaka wake haukuonekana. Hakujua ni saa ngapi zilipita. Alipozinduka, Nesi alikuwa akiimba kwa sauti ya chini wimbo usio na maneno, na machozi yakimtiririka bila haraka.

"Unalia, dada."

"Naaga."

"Haya."

Baada ya kitambo Nesi akasema, "Siagi vizuri. Kila nikiaga naona nasalimia."

Shemeji alikuja na mnunuzi Jumamosi. Nesi aliwakaribisha chai, akawaambia mashua haiuzwi kwa sasa. Shemeji alikasirika, akanyamaza mwezi mzima, kisha akazoea. Hiyo "kwa sasa" imeingia mwaka wa nne. Mara mbili kwa mwezi wanawake hao wawili hutoka pamoja, na Fundi amejifunza usukani, ingawa bado anapendelea mpini.

Kazi yake nayo imebadilika. Siku hizi hakubali kusema winchi imepona mpaka atoke nayo na kuisikia ikiwa na mzigo. Wenye mashua walinung'unika mwanzoni, halafu wakaona inafaa, maana mara mbili amegundua springi chovu ambayo gatini ingemdanganya yeyote. Anarudi nyumbani sketi imelowa hadi magotini.

Mwalimu aliwahi kwenda nao mara moja. Alitapika tangu walipoondoka hadi waliporudi. Alipopata nguvu ya kusema, mkewe alimuuliza upepo umeuonaje, naye akamjibu kwamba ubaoni hauna tabia hizo. Usiku huo hakuamka hata mara moja. Asubuhi alidai kuwa kitanda kilikuwa kikielea, na kwamba, kwa kweli, kuelea huko hakukuwa kubaya.