Kumsimamisha Dada Mchangani

Nimehamahama tangu nimalize kidato cha nne. Nimeuza nyanya Kiboko, nimenunua mbuzi Tseikuru, na kila nikivuka mto mkavu namwona dada yangu mdogo amesimama humo, mchanga umemfika kiunoni, anacheka.

Dada alizaliwa na mtindio wa ubongo. Miguu ilikakamaa na kupishana kama mkasi, na ukimketisha aliangukia upande. Akili zake zilikuwa kali. Nyimbo za kanisani alizijua kuliko mimi. Lakini mwalimu mkuu wa shule yetu, karibu na Matiliku, alimwambia mama waziwazi, "Mama, darasani sina mtu wa kumshika. Akiweza kusimama akishika dawati, mlete."

Daktari wa mazoezi, mwanamke aliyekuja zahanati mara moja kwa mwezi, alitufundisha kumnyoosha miguu polepole, na kuzungushia mpini wa kijiko mpira wa tyubu ili aushike vizuri. Akasema asimamishwe kila siku. Baba alimtengenezea sanduku la kusimamia, mchwa wakalila.

Mchanga ulikuwa wazo la mama. Mtoni tulichimba kisima, kisha tukangoja maji yajikusanye, na kungoja huko kulikuwa kurefu. Mama akachimba shimo la pili, pakavu, akamsimamisha dada ndani, tukalifukia na kushindilia. Joto la mchanga lililegeza misuli, mikono ikabaki huru. Nikampa kata, akawa ananitekea maji. Mengine alinimwagia, na si kwa bahati mbaya.

Siku hiyo ya kwanza mama mmoja wa kanisani alifika na punda wake, akatukuta tunafukia.

"Wewe mama, mnamzika mtoto na anaongea?"

"Tunampanda," mama akajibu bila kuinua uso. "Akimea nitakuita."

Dada akadakia kwa ulimi wake mzito, "Leta maji."

Daktari alipokuja kutazama, aliingiza mkono mchangani, akapapasa magoti, akakuta yamepinda.

"Shimo ni pana, anakaa badala ya kusimama," akasema. "Chimbeni jembamba. Akizoea, punguzeni kina."

Tukapunguza. Mchanga ukashuka hadi mapajani, kisha magotini. Watoto wenzetu walimwita Mahindi, naye akawajibu kwamba wao ni magugu. Kabla ya mvua kuujaza mto, alisimama juu ya mchanga mtupu, akiwa ameshika shingo ya punda wetu.

Januari nilimbeba mgongoni hadi darasa la kwanza, nikamketisha, nikatoka kusimama na mama dirishani. Mwalimu mkuu mwenyewe akaingia. Watoto wakasimama kumwamkia, kama ilivyo desturi. Dada akashika dawati kwa mikono miwili. Akainuka kidogo, akarudi chini. Akajaribu tena, magoti yakitetemeka, darasa zima limegeuka kumtazama. Mwalimu angeweza kusema "ketini". Hakusema. Alingoja, chaki mkononi, na watoto wakangoja naye, mpaka kichwa cha dada kikawa sawa na vichwa vingine.

Ni dada aliyeanza salamu. Wengine wakamfuata.

Mwalimu akageukia dirisha. "Mama, nenda nyumbani. Huyu sasa ni wangu."

Mama hakwenda. Alibaki pale mpaka kengele ya mapumziko, akijifanya anafunga leso yake vizuri.