Madebe Saba Uani

Kwetu Ganze maji hayamwagwi. Uliyonawia yanaoshea sufuria, yaliyooshea sufuria yanapewa mpapai. Kwa hiyo nilipopata kazi ya udobi katika hoteli moja Malindi, miaka ile ya themanini, na kupanga chumba mjini, kitu cha kwanza kununua hakikuwa kitanda. Nilinunua debe. Baadaye jingine. Mwishowe nilikuwa na madebe saba, nimeyapanga uani kwenye kivuli cha ukuta, na nikitoka kazini nayatazama moyo unatulia. Niliota kwamba siku moja nitajenga nyumba yenye mfereji katika kila chumba, hata kibanda cha kuku kiwe na wake.

Mjini sikuwa na mtu. Majirani walinijibu salamu vizuri, kisha wakaendelea na mazungumzo yao. Nikimpa shikamoo bibi mwenye nyumba, ananiitikia, "Marahaba, mwanangu," basi. Aliyekuwa akinijua hasa ni seremala mmoja kutoka bara, mpangaji wa chumba cha pili, mtu mzima kunishinda. Alifanyia kazi yake pale pale uani mchana kutwa, kifua wazi, na jioni tulikula sima sahani moja.

"Mdogo wangu, bahari iko pale chini," alikuwa akinitania. "Wewe wafungua ya pili?"

"Cheka, kaka. Mfereji ukikauka utaniita bwana mkubwa."

Na kweli ukakauka. Masika ya mwaka ule yalikuwa haba, mifereji ikawa yatoa upepo tu. Halafu vuli ikaja kwa kishindo, madebe yakafurika maji ya bati, nami nikafurahi kama mtoto wa Idi. Mvua ilipokatika likaingia joto la kaskazi, joto la kulala sakafuni.

Ndani ya joto hilo seremala akaanguka. Homa, macho yamuuma kwa nyuma, viungo havikunjiki. "Nimepigwa randa mpaka kwenye mfupa," akasema. Nilidhani ni malaria. Nikampa chandarua changu na kumfungia kila magharibi, mimi nikalala bila. Nikirudi kazini namkanda miguu, nikiwaza: huyu akifa, nitaongea na nani?

Siku ya nne akaja bwana afya, akipita nyumba hadi nyumba. Akamulika tochi ndani ya madebe.

"Ya nani haya?"

"Yangu, bwana."

"Hebu tazama."

Nikainama. Viluwiluwi walikuwa wakijinyonganyonga.

"Hao wadudu wa mvua tu," nikasema. "Kwetu tunachuja kwa kitambaa, tunakunywa."

"Wewe wachuja ya kikombe. Waliobaki debeni wanaota mbawa. Wakati wa kusi, kukiwa na baridi, huchelewa. Joto hili? Ijumaa hii yai, Ijumaa ijayo mbu. Na hii si malaria, ni homa ya dengi; mbu wake huuma mchana, si usiku."

"Mbona kwetu hatuugui hivi?"

"Kwenu nyumba na nyumba ni mwendo. Hapa ukuta kwa ukuta. Amuuma mgonjwa huyu, ageuka tu kamuuma jirani. Mwaga, kijana, usugue na kuta za ndani. Ukiteka tena, funika."

Mchana kutwa. Kifua wazi. Hatua tatu kutoka madebe yangu.

Nilimwaga moja moja. La tatu nililia waziwazi, na bibi mwenye nyumba akanitazama asijue kama nalilia maji au nini. Mimi mwenyewe sikujua. Nilipomaliza nikasikia sauti chumbani: "Mdogo wangu, nipe maji."

Hayakuwapo. Mfereji mkavu. Nikashika ndoo na sahani ya kufunikia, nikaenda kisima cha msikiti wa mtaa wa pili, nikapanga foleni, na njia nzima nikawa najizoeza maneno ya kumwambia. Niliporudi nikamkuta ndugu yake amekuja kutoka Mombasa na gari la kuazima. Seremala alikuwa ameketishwa kiti cha mbele, kichwa kimeegemea mlango.

Nikampa kikombe. Akanywa chote.

"Kaka," nikasema, "waliokuuma walitoka kwenye madebe yangu. Bwana afya amenionyesha."

Ndugu yake akawasha gari. Seremala akatabasamu kwa upande mmoja. "Kumbe wewe wafuga mbu, mimi ndiye nyasi."

"Nisamehe."

"Ongeza maji," akasema, akinyoosha kikombe.

Nikamwongeza. Akanywa nusu, nusu akajimwagia usoni, gari likaondoka.

Alipona, bibi aliletewa habari hizo na mtu aliyekuja kuchukua vyombo vya useremala. Hakurudi kupanga kwetu. Kama kile kikombe cha pili kilikuwa msamaha au kiu tu, sikupata wa kumuuliza. Jioni ile gari lilipoondoka nilisonga sima kwa kipimo nilichozoea, ikanishinda, nikakaa nayo mlangoni mpaka ikapoa.