Kahawa Iliyochemshwa Muleba

Mkaguzi wa cheti cha ubora alisimama mbele ya mchoro wangu ukutani, mikono nyuma, akaukodolea macho. Mchoro ule niliuchora mwenyewe na nilikuwa ninajivunia. Ulionyesha safari nzima ya kahawa ya kutafuna katika kiwanda chetu kidogo pale Bukoba mjini: inapokelewa, inachambuliwa, inapimwa, inafungwa kwenye paketi, inapelekwa kwa wateja. Kila hatua ilikuwa na kisanduku chake na kila kisanduku kilikuwa na mshale wake.

"Nani anaichemsha?" akauliza.

Nikamwambia haichemshwi hapa. Tunaipokea ikiwa imeshachemshwa na kukaushwa huko Muleba.

"Nimeuliza nani. Sijauliza wapi."

Kwa asiyejua, sisi Wahaya kahawa tunaitafuna. Tunaiita amwani. Inachumwa kabla haijaiva sana, inachemshwa na majani yenye harufu nzuri, inaanikwa na ganda lake mpaka ikauke kabisa. Mgeni akifika unampa punje chache kiganjani, kabla hata hujamuuliza habari za njiani. Ladha yote inatoka kwenye kule kuchemsha na kule kuanika. Kufunga paketi anaweza yeyote mwenye mikono miwili, na sisi kiwandani kazi yetu kubwa ilikuwa hiyo.

Aliyechemsha alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyeolewa Muleba. Nilipoajiriwa kusimamia ubora nilimkuta tayari ndiye anayetuletea magunia, na hakuna aliyewahi kumfikiria kama sehemu ya kiwanda. Kwenye makaratasi yetu alikuwa mtu wa kuuza malighafi, sawa na anayetuuzia kamba za kufungia.

Mkaguzi hakukubali. "Hiyo si malighafi," alisema. "Hiyo ni kazi yenu, mmempa mtu wa nje awafanyie. Kazi mmeitoa, jukumu hamjalitoa. Mteja akiumwa tumbo hatamtafuta huyo mama, atawatafuta ninyi. Itambueni, muiweke kwenye mchoro, halafu mnionyeshe mnaisimamia vipi."

Alikuwa sahihi. Ninalisema mapema kwa sababu ingekuwa rahisi kumfanya yeye ndiye mbaya wa habari hii. Nimejaribu mara nyingi kumchukia yule mtu na nimeshindwa.

Meneja wetu, ambaye tayari alikuwa amewaahidi wanunuzi wa mbali kwamba cheti cha ubora kiko njiani, alinigeukia akacheka. "Si shangazi yako? Basi rahisi."

Rahisi! Nilirudi mezani nikaongeza kisanduku kipya. Kwa utaratibu tuliofundishwa, kazi za ndani zinachorwa kwa mstari mzima, na zile zilizotolewa nje zinachorwa kwa vitone. Nikamchora shangazi yangu kwa vitone.

Nilikulia Kaagya, lakini kila likizo nilipelekwa kwake. Nakumbuka mchana mmoja alikuja mzee jirani, mikono inatetemeka, akatoa punje za kahawa kwenye mfuko wa koti uliokuwa na tumbaku, akaninyooshea. Nilikuwa mtoto mwenye kinyaa. Nikaficha mikono mgongoni. Shangazi hakusema neno mbele ya mgeni, ila mzee alipoondoka alinivuta nyuma ya jiko akanifinya sikio mpaka nikaona nyota.

"Amwani ya mtu hairudishwi, wasikia? Pokea. Hutaki kutafuna, tia mfukoni. Lakini mkono wa mtu usiuache hewani."

Baada ya hapo nilipokea kila nilichopewa. Nilikuwa na magauni ambayo mifuko yake ilinuka tumbaku mwaka mzima.

Basi nikaenda Muleba na gari la ofisi, nimevaa fulana ya kampuni, nimebeba kipima unyevu kipya. Shangazi alinipokea kwa furaha, akaniketisha, akanipa amwani, akanicheka kwa ile fulana. "Umekuja kunifundisha kuchemsha?" Nikamwambia hapana, nimekuja tukubaliane tu. Nilimsomea masharti moja moja, na yeye akiitikia huku anamenya ndizi.

"Kahawa isianikwe chini, Shangazi. Tutakuletea vichanja."

"Haya, waitu," akaitikia kwa heshima ya Kihaya.

"Ikinyeshewa, isichanganywe na nzuri."

"Haya."

"Na iliyoharibika unaikataa."

Hapo kisu kilisimama kidogo. "Naikataa kwa nani?"

Nilidhani anatania. Kahawa ilitoka kibanjani kwake mwenyewe, shamba la kuzunguka nyumba yake, sasa angeikataa kwa nani tena? Nikamwambia anaitenga tu pembeni. Akasema haya. Kile kipima unyevu alikifunga kwenye kitambaa safi akakitundika msumarini, karibu na picha ya Bikira Maria, na kwa jinsi alivyokitundika ningepaswa kujua kwamba hakitatoka pale. Lakini nilikuwa na haraka ya kurudi mjini kabla mvua haijaharibu barabara.

Msimu ule kila kitu kilikwenda vizuri. Magunia yalikuja, nikayapima, nikatia sahihi, nikalala usingizi wangu. Halafu zikaja mvua nyingine, zile za kunyesha asubuhi na kurudi tena jioni, na baada yake simu ikapigwa kutoka Mwanza.

Alikuwa baba mmoja, Mhaya mwenzetu. Alikuwa amepokea ujumbe wa posa ya binti yake, na kwa kuwa hataki mambo ya mkato alikuwa amenunua paketi zetu awakaribishe wageni kama inavyotakiwa. Mzee wa upande wa mwanamume alitafuna punje ya kwanza, akasimama, akaitema nje ya mlango mbele ya watu wote. Ilikuwa na kuvu. "Mmenivua nguo mbele ya wakwe zangu," aliniambia. Hakufoka. Angefoka ningejua la kumjibu.

Nilikwenda stoo nikafungua kilichobaki cha shehena ile nikakimwaga mezani. Nyingine ilikuwa safi, inang'aa, inanukia vilevile ilivyonukia jikoni kwa shangazi nikiwa mdogo. Nyingine ukiipasua ndani kuna unga mweupe. Nyingine ilinuka mafuta ya taa. Nilikaa pale nikiiangalia. Mkono wa shangazi nilikuwa ninaujua, na pale mezani palikuwa na mikono mingi.

Safari hii sikumwambia shangazi kama ninakuja. Nilimkuta amekaa barazani anachambua maharage. Jiko la kuchemshia lilikuwa baridi, na ndani ya ile sufuria kubwa kuku alikuwa ametaga. Nilisimama mlangoni pa jiko lile. Yule kuku aliniangalia kwa dharau kama mimi ndiye niliyevamia, na nadhani alikuwa sawa.

Kabla sijauliza kitu, alitokea mama mmoja jirani, mjane wa nyumba ya pili, amebeba kikapu cha kahawa iliyokauka. Aliiona fulana yangu akasita. "Pita tu, ni mtoto wetu," shangazi akamwambia. Akainuka kwa shida, magoti yalikuwa yamekwisha, akakipokea kile kikapu kwa mikono miwili, akashukuru, "Kasinge, kasinge," akakimimina ndani ya gunia letu bila kuangalia. Mimi niliangalia. Nyingine ilikuwa nyeusi.

Mama wa watu alipoondoka nililipuka. Nilimwambia shangazi mambo ya mteja wa Mwanza, ya mzee aliyetema, ya mkaguzi, ya cheti. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Magoti hayawezi tena kusimama kwenye moto," akasema. "Na macho yanauma moshi. Nikawaambia wenzangu tusaidiane. Huyu uliyemwona, migomba yake yote imekufa kwa mnyauko. Ulitaka nile peke yangu?"

"Nilitaka uniambie! Na uikatae ile mbaya!"

"Mtu amenyoosha mikono, mwana wange. Nimwambie arudi nayo nyumbani? Watoto wake wamkute njiani na kikapu alichoondoka nacho?"

Nikatuliza sauti. Nikamwambia kuna njia. Kila mama tumpe gunia lake lenye alama yake, tuwafundishe wote, tuwaletee vichanja wote. Nilikuwa ninazungumza haraka, ninajiamini, kwa sababu hilo ndilo jibu la kitabuni na ni jibu zuri.

"Alama za nini?"

"Ikija iliyoharibika, tujue ni ya nani."

Shangazi aliokota maharage yaliyoanguka chini, akayarudisha kwenye ungo. "Ndiyo maana nachanganya," akasema.

Kazi yangu nzima imejengwa juu ya kujua kila punje imetoka kwa nani, na pale barazani alikuwa mwanamke aliyejitahidi, kwa makusudi na kwa upendo, isijulikane kamwe. Hakuwa mjinga wala mzembe. Alikuwa ameisimamia kazi ile kwa uangalifu mkubwa, ila alichokuwa anakilinda hakikuwa kahawa.

Nilipigania nilivyoweza. Nilimwomba meneja msimu mmoja tu niwafundishe wale akina mama. Akanionyesha mchoro wangu. "Kisanduku hiki kilikuwa cha mtu mmoja," akasema. "Sasa ni kijiji. Utasimamia kijiji?" Nikasema nitakisimamia. Akanionea huruma, nikaona, na huruma yake ilinivunja moyo kuliko kama angenigombeza. Hapo mjini palikuwa na mtu aliyefunga matangi ya chuma ya kuchemshia kahawa, yenye saa na vipimajoto, yuko tayari kuanza wiki ileile. Tulimkagua, tukaandikiana mkataba. Kwenye mchoro sikuhitaji hata kuchora upya. Kisanduku ni kilekile cha vitone, nilibadilisha jina tu.

Habari nilimpelekea shangazi mwenyewe, sikutaka aipate kwa simu. Alisikiliza, akasema, "Kasinge," kama nimemletea sukari. Kisha akakitoa kile kipima unyevu msumarini, bado kiko ndani ya kitambaa chake, akanikabidhi.

Cheti kilikuja. Mkaguzi alisema usimamizi wetu wa kazi za nje sasa ni wa kupigiwa mfano, na wafanyakazi walipiga makofi. Malalamiko yameisha. Kahawa ya matangi ni safi, haina kuvu, haina mafuta ya taa, punje zote zinafanana. Ukiniuliza kama ina kasoro nitakuambia haina, nimeipima mwenyewe.

Kule Muleba mimi sikumtaja mtu. Naapa sikumtaja. Lakini kijiji kikipoteza kazi lazima kitafute sababu, na kiliitafuta mpaka kikaipata. Walisema kahawa mbaya ilikuwa ya yule mjane, ndiye aliyeanika chini, ndiye aliyetuharibia. Labda ni kweli, labda si kweli, gunia lilishachanganywa na hakuna atakayejua. Nilisikia kwamba kanisani akina mama hawakai tena benchi moja naye. Kwa shangazi aliacha kabisa kupita.

Krismasi tulirudi nyumbani kama kila mwaka, watu wametoka kila pembe ya nchi, magari yamejaa njia za vibanjani. Nilipita kwanza Muleba. Shangazi alikuwa barazani, amepungua, amejifunga kanga niliyomnunulia. Jiko lilikuwa limeezuliwa nusu. Sikujua nianze na maneno gani, basi nikafanya alichonifundisha. Nikafungua paketi yetu, nikamimina punje chache kiganjani, nikamnyooshea.

Aliziangalia. Mikono yake ilikuwa mapajani, imetulia, hata kidole hakikutikisika.

"Wape watoto," akasema kwa upole. "Mimi nimeacha."

Nikamwambia apokee tu, hata kama hatatafuna, atie mfukoni. Akanitazama usoni, macho yake yana maji ya uzee, sikuona hasira hata kidogo. Kisha akageuka akaita ndani mtu aniletee chai.

Mkono wangu ulibaki pale hewani mpaka chai ikaja. Nikahitaji mkono wa kupokelea kikombe, nikazitia zile punje mfukoni mwangu.