Saa Kumi na Tano Kutoka Kanada

Nianze kwa kukiri, maana mliokuwepo kijijini Zagayu mnajua na ambao hamkuwepo mtasimuliwa vibaya zaidi: siku tuliyomzika mama, mimi ndiye niliyewatia aibu watu wa kwetu.

Dada yangu Kabula anaishi Toronto, huko Kanada. Mama alipofariki, Kabula alituomba tumsubiri, anataka kumwona uso kwa mara ya mwisho, na siku ya pili jioni akaniandikia kwamba ndiyo anapanda ndege. Baba mdogo, msimamizi wa msiba, akaniuliza atafika lini ili wachimba kaburi wajipange. Hapo ningesema sijui, ngoja nimuulize mwenyewe, lakini mimi ndiye msomi wa ukoo (natengeneza simu pale Bariadi mjini, usomi wenyewe ndio huo), nikaingia mtandaoni, nikaandika Toronto hadi Mwanza, ikaja kilomita elfu kumi na mbili, saa kumi na tano angani, nikashika kipaza sauti na kutangaza kwamba kesho saa sita mchana Kabula atakuwa hapa, tunazika saa nane.

Asubuhi wakachimba. Na kwetu kaburi likishachimbwa halilali wazi, hilo hata mtoto analijua.

Saa nane ikafika, hakuna mtu. Binamu tuliyemtuma na gari uwanja wa ndege wa Mwanza akapiga simu: "Kaka, hapa wanasema ndege inayotoka Kanada hawajawahi kuiona." Kumbe ule mtandao ulipima tu njia iliyonyooka kama anavyoruka ndege wa porini, haukuhesabu kushuka, kungoja na kupanda nyingine. Saa kumi ujumbe wa Kabula ukaingia: "Niko Ethiopia, ndege ya pili ni kesho asubuhi. Mnisubiri."

Baba mdogo akausoma, akanirudishia simu pamoja na kipaza sauti. "Ng'wanawane, mwanangu, jua linashuka. Waambie watu mwenyewe."

Nikawaambia. Nyuma ya turubai kuna waliocheka wakiziba midomo, na mama wakubwa wakaanza kulia upya, safari hii wakimlilia Kabula. Tukazika.

Kesho yake mchana alifika, akashuka garini na kwenda moja kwa moja kwenye udongo mbichi, akapiga magoti pale na viatu vyake vya safari. Nilisimama nyuma yake nikiwa nimejiandaa kutukanwa, nilitamani hata anitukane.

"Ratiba nzima ilikuwa kwenye simu yangu," akasema bila kugeuka. "Kwa nini hukuniuliza?"

Siku hizi mtu akiniuliza mgeni wake atafika saa ngapi, namwambia ampigie mgeni. Ila Kabula sijamjibu mpaka leo, kwa sababu jibu la kweli ni kwamba watu wote walikuwa wananitazama, nami nilipenda kutazamwa.