Lenzi niliyonunua ili nimpige picha mama mkwe bila kumkaribia

Za jioni wakuu.

Juzi kuna kijana humu aliuliza achukue lenzi gani ya zoom kwa digital yake, ile nzito ya f/2.8 au ile nyembamba inayofika 300. Mkabishana mpaka mods wakaingia. Mimi nilikaa kimya kwa sababu jibu langu ni refu na lina mama mkwe ndani yake. Leo nimepata nafasi, nawapa kama ilivyokuwa, chumvi sijaongeza.

Ilikuwa miaka ya tisini, enzi za filamu. Nilikuwa na kastudio kangu Mafubira, pale Jinja. Baba alikuwa polisi, nimekulia kambini, ndiyo maana Kiswahili kiko mdomoni. Uganda ile ukiongea Kiswahili unaitwa afande hata kama umebeba maandazi.

Mke wangu Nambozo ni Mmasaba wa Nakaloke, upande wa Mbale. Alikuwa amepata kyeyo London, yaani zile kazi za ng'ambo, na safari imeshakaribia. Alitaka kubeba kitu kimoja tu: picha ya mama yake.

Mama mwenyewe alikuwa amepigwa picha mara moja maishani, studio, na akatoka amefumba macho. Tangu hapo akiona kamera anaingia jikoni. Nambozo akambembeleza weee, mwisho akatoa sharti: nitapigwa na mkwe wangu, mwingine hapana.

Nilifurahi. Halafu nikakumbuka kwamba mkwe hamsogelei mama mkwe.

Kwa msiojua: kule kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, hawapishani mlangoni. Ni heshima. Ukivunja unapatwa na buko, ugonjwa wa kutetemeka mikono. Kwa hiyo tangu nioe, yule mama nilikuwa namwona ng'ambo ya uwanja tu. Nikifika anapika malewa, yale machipukizi ya mianzi kwa karanga, anaweka sahani kwenye stuli katikati ya uwanja, anaifunika, anarudi barazani. Akishakaa ndipo mimi nasogea kula. Mapenzi yetu yote yalipita kwenye ile stuli, na yalikuwa mengi. Mtu akikupikia vile humwiti mama wa mke, unamwita mama.

Sasa mimi nilikuwa na lenzi ya 50mm peke yake, ile isiyovuta. Kupata sura ya mtu kwa 50mm ni kumwendea mpaka usikie anavyopumua.

Nikaenda Namakwekwe, palepale Mbale, kwa Bwana Masaba, mpiga picha aliyekuwa anaacha kazi na kuuza vyombo. Alikuwa na zoom mbili. Moja 80-200, f/2.8, nzito, kioo kipana. Nyingine 75-300, nyepesi, ila ukiivuta mpaka mwisho inabana mwanga, f/5.6 tu.

"Afande, chukua hii nzito," aliniambia. "Hiyo refu inataka jua mingi."

Nikatoka nazo nje, nikaelekeza mlima Wanale. Kwa ile 300 mawe ya mlimani nayaona moja moja. Mimi hesabu yangu ilikuwa nyepesi: kadiri ninavyosimama mbali, ndivyo heshima inavyokuwa kubwa. Nikachukua ndefu.

Jumamosi jioni tuko Nakaloke. Nimesimama nyuma kabisa, kwenye migomba, mama yuko barazani anachambua maharage. Nikavuta mpaka 300. Wakuu, kwa mara ya kwanza nikaona macho ya mama mkwe. Ni yaleyale ya Nambozo. Nikapiga filamu karibu nzima.

Zilipotoka kusafishwa Mbale mjini, mama alikuwa moshi. Picha zote zimetikisika. Nambozo alianza kwa kucheka, kisha akaziweka kwenye bahasha bila kuniangalia. Siku zake za kuwa nyumbani zilikuwa zinaisha.

Akampelekea mama aone. Mama akaziangalia, akapaza sauti kwa Kiswahili, kwa sababu Lumasaba sikijui na kuniambia mimi moja kwa moja hawezi:

"Nambozo, ambia huyo mtu yako, mkono yake ilitetemeka. Hiyo ni buko. Alisimama mbali lakini alinivuta karibu sana."

Nilitaka kujibu. Nilikuwa na maelezo yote: filamu ya ASA 100, jioni, shutter ya polepole, 1/60 kwenye 300, lazima itikisike. Lakini nikajiuliza, yale macho niliyoyaona, niliyaona nikiwa wapi hasa?

"Muulize mama anataka nifanyeje," nikamwambia Nambozo.

Mama hakungoja kuulizwa. "Asinivute. Aache mimi mahali niko."

Kesho yake saa nne, jua limekaa vizuri, nikaegemeza lenzi kwenye kiti cha baiskeli na kurudisha zoom mpaka 75. Mama akatoka na sahani, akaiweka kwenye stuli, akaifunika, akarudi barazani. Akakaa, akaniangalia. Nikapiga.

Ikatoka safi. Mama mzima, mlango wa bluu nyuma yake, uwanja uliofagiliwa mbele. Macho wazi. Mimi kama fundi niliona ina nafasi tupu nyingi, nikataka kuikata mbele ibaki sura. Nambozo akaninyang'anya, akaenda nayo London ilivyo.

Mama alifariki kabla Nambozo hajarudi. Hakuweza kuja kuzika. Alipiga simu kwa jirani yangu Mafubira, akalia. Nikamwomba msamaha kwamba kwenye picha nilimwacha mama akionekana mdogo vile.

Akasema, "Ungemvuta, stuli ingebaki nje ya picha. Hapa kuna mama, na kuna chakula chako. Mimi huku nawaangalia wote wawili."

Basi kijana, kuhusu swali lako: kama unapiga jioni, chukua ile nzito, Bwana Masaba alikuwa sahihi. Ila lenzi yoyote utakayochukua, jaribu na ule upande wake mfupi kabla hujavuta.

Yangu imeota ukungu ndani, siiuzi. Wakuu wenye mama wakwe, nyie mliwapigaje? Karibuni. Nambozo naye anasoma hapa pembeni yangu, kwa hiyo andikeni kwa adabu.