Kipande Tulichokataa Kukitoa

Ile Jumapili ya Bungoma naikumbuka hadi leo, mwanangu, na tangu uliponisomea ujumbe wa waandalizi wa tamasha lenu la muziki la Kitale imenirudia yote. Wanasema nyinyi wanne mcheze zile kazi za zamani za Ulaya, lakini ile mpya ya mwenzenu muiache, ati watu hawataielewa. Umeniuliza mfanye nini. Keti hapa karibu na jiko, chai bado iko, nikuambie yaliyotupata sisi.

Tulikuwa wanne. Wanjiru alipiga fidla ya kwanza, Simiyu ya pili, mimi viola, ile inayofanana na fidla ila sauti yake ni nzito kidogo, na Barasa selo, ile kubwa inayoshikwa katikati ya magoti. Vyombo havikuwa vyetu. Vilikuwa vya kanisa moja pale Bungoma, vilikaa stoo miaka mingi bila mtu wa kuvigusa, na ufunguo ulikuwa kwa mwenyekiti wa kamati. Jina lake silitaji, mzee ameshalala. Wala hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyetufungulia stoo ile wakati hatujui hata kushika upinde wa fidla, na heshima niliyokuwa nayo kwake ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana jambo lenyewe lilikuwa gumu.

Wanjiru alikuwa mtu wa Kitale. Wazazi wake walitoka mkoa wa Kati zamani, wakalima mahindi kwenye shamba upande wa mlima, hadi zile siku za vurugu nyumba yao ilipochomwa wakahamia Moi's Bridge na nguo walizovaa tu. Sisi hakutusimulia hata siku moja, tuliyasikia kwa watu. Alichofanya ni kukaa chini akatunga kipande cha muziki kwa vyombo vyetu vinne, akakiita "Nyumba ya Mama".

Mazoezi tulifanyia Mabanga, nje kidogo ya Bungoma, katika chumba tulichoazimwa, magunia ya mbegu yamepangwa ukutani. Kipande kilianza kwa utamu, ungedhani unasikia watu wanaongea wakipika. Katikati tuligeuza pinde tukawa tunagonga nyuzi kwa ule mti wake, polepole, kisha kwa fujo. Halafu kimya. Wanjiru alikiandika kile kimya kwenye karatasi, kirefu kupita kiasi, na alitukataza kukifupisha. Baada ya hapo viola inabaki peke yake, yaani mimi, nikirudia wimbo wa mwanzo ukiwa umekauka, hauna tena ule utamu.

Tamasha letu la pale kanisani likiwa limekaribia, mwenyekiti alikuja kutusikiliza. Zile kazi za kale za Ulaya alizifurahia, akatikisa kichwa na kutabasamu. Cha Wanjiru kilipokwisha, tabasamu halikuwepo.

"Hicho cha mwisho mtakitoa," akasema.

Simiyu akamuuliza sababu.

"Watu wa hapa wameshasahau mambo ya moto. Wanaishi na majirani wao vizuri. Mnataka kuwakumbusha nini?"

"Lakini mzee, hakina hata neno moja," nikasema.

"Mimi nimesikia." Alituangalia sote, macho yake yakaishia kwa Wanjiru. "Mkikicheza, vyombo vitarudi stoo. Na stoo haitafunguliwa tena."

Alipoondoka, Wanjiru ndiye aliyeanza kukunja karatasi zake. "Si tukitoe tu, bana. Sitaki mkose vyombo juu yangu."

Barasa hakuwa mtu wa kuongea. Siku hiyo aliongea. "Kama chako hakichezwi, hata hizo za Wazungu mimi sichezi."

Simiyu akasema na yeye ni hivyo hivyo. Mimi nilizifungua zile karatasi, nikazirudisha mbele ya kiti cha Wanjiru. Tukaendelea na mazoezi.

Jumapili alasiri ukumbi wa kanisa ulijaa. Mama yake Wanjiru alikuja kutoka Moi's Bridge, akakaa pembeni na kipochi mapajani. Tulicheza zile kazi za Ulaya, na tulizicheza vizuri, nakuambia bila aibu. Watu wakapiga makofi. Hapo hapo mwenyekiti akainuka, akaanza kuwashukuru wageni ili watu waende zao.

Nilisimama. Nilikuwa sijawahi kumkatiza mtu mzima maneno yake, sembuse huyo mzee, tena mbele ya mama yangu mzazi.

"Mzee, samahani. Bado kipande kimoja, kimetungwa na Wanjiru, huyu hapa. Kinaitwa Nyumba ya Mama. Tunakuomba ukae."

Alinitazama. Mimi sikukaa. Mwisho alikaa yeye.

Tukacheza. Tulipofika kwenye zile fujo, wengine walitoka nje. Mtu mmoja nyuma akacheka. Kilipofika kile kimya, kicheko kikamwishia mdomoni. Hatukukifupisha, mwanangu. Nilisikia watu wakipumua. Kisha nikacheza sehemu yangu hadi mwisho, na hakuna aliyepiga makofi.

Bibi mmoja wa Kibukusu alitoka viti vya nyuma, akapita watu wote, akaenda kusimama mbele ya mama yake Wanjiru. "Mama Wanjiru, ni mimi jirani yako wa kule shambani," akasema. "Siku ile nilikuwa dirishani. Niliwaona waliochoma, nikawajua, na sijasema mpaka leo."

Mama yake Wanjiru hakuinuka. Hakumkumbatia. Akasogeza kipochi, akampa nafasi kwenye benchi, na yule bibi akakaa. Waliongea chini chini mpaka ukumbi ukabaki na sisi tu.

Mwenyekiti alitimiza neno lake. Barasa aliifuta selo vumbi kwa shati lake, akamkabidhi. Hakuishika tena maishani. Siku hizi anauza mahindi Moi's Bridge. Mimi nilikaa miaka bila viola, nikiwa nashona nguo vidole vinajichezea vyenyewe kana kwamba viko kwenye nyuzi. Hatukuenda kuomba msamaha. Juzi nilimuuliza Barasa kama anajuta. Akaniambia, "Ningejuta kama tungekitoa."

Sasa nisikilize. Msiwatukane hao waandalizi wenu, wajibuni kwa adabu. Lakini neno liwe hapana. Kama watu wataielewa au hawataielewa, hiyo ni kazi ya watu wenyewe kuamua wakishasikia, si ya mtu aliyeshika ufunguo wa ukumbi. Huyo mwenzenu atawaambia yuko radhi iachwe. Msimkubalie, kwa sababu anasema hivyo kwa kuwapenda. Na mkishaamua, fanyeni mazoezi hadi mikono iume, maana kukataa halafu mkacheza vibaya ni kumwaibisha yeye. Mkinyimwa ukumbi, chezeni popote penye viti vinne. Inaweza kuwagharimu. Sisi ilitugharimu, sikufichi.

Mungu awape mikono isiyoyumba na shingo zisizoinama kwa woga. Awape masikio ya watu, hata kama ni ya mtu mmoja tu aliyekaa nyuma kabisa. Nami mama yako nimekubariki. Nenda ukawajibu.