Shati Katika Wimbo wa Tatu

Peres husuka nywele Hurlingham. Wateja wake humwaga mambo yao yote, maana kichwa kikishikwa, mdomo hulegea. Nanjala, mwimbaji, ndiye pekee aliyenyamaza. Alikuwa akirekodi albamu na alikatazwa kuongea ovyo, sauti isichakae.

Basi Peres akaongea kwa niaba ya wote wawili. Alimsimulia alivyompenda Odhiambo kabla hawajaoana, walipokuwa wapangaji wa ploti moja kule Riruta. Alivyojua mlio wa viatu vyake langoni. Alivyokunywa maji kwa kikombe alichokiacha bombani. Nanjala aliguna tu.

Albamu ilipotoka, Wangu, msusi mwenzake, aliifungulia kwenye spika ya saluni. Nyimbo zote zilikuwa za mwanamke aliyemezwa mzima na mapenzi. Wimbo wa kwanza ulikuwa na viatu langoni. Wa pili, kikombe. Vidole vya Peres vikapoa ndani ya nywele za mteja.

Wa tatu ulikuwa wa shati la kijani, mfuko umeshonwa kwa uzi mwekundu, lililoanuliwa kambani na kukumbatiwa kitandani.

"Huyu ni mgonjwa," Wangu akasema, akicheka. "Unaiba shati ya mtu ndio ulale nayo? Si afungwe."

"Ama aombewe," mteja akajibu. "Peres, mbona unanivuta hivyo?"

Peres hakusikia. Shati lile la Odhiambo lilipopotea kambani kule Riruta, Odhiambo alimshika jirani yao Mulwa na kumwita mwizi mbele ya wapangaji wote. Mulwa aliapa, wakamzomea, akahama. Peres alikuwa pale, beseni mkononi, kimya. Nanjala aliambiwa yote hayo. Odhiambo hakuwahi kuambiwa, na uzi ule mwekundu ulishonwa na marehemu mama yake.

Peres aliomba ruhusa, akakimbilia nyumbani afike kabla ya wimbo. Wimbo ulikuwa umetangulia. Odhiambo aliketi mezani, simu ikiimba mbele yake, chai imetanda utando.

"Baba Fidel, zima hiyo kitu."

"Hii ni mara ya nne naisikia." Hakuinua macho. "Nilidhani nimesikia vibaya. Mama Fidel, huyu msichana alijuaje uzi wa mama yangu?"

Peres alitupa jicho mlango wa chumbani.

"Hiyo shati iko wapi?"

Alienda chumbani, akalitoa chini kabisa ya sanduku, akaliweka mezani. Odhiambo aliutazama mfuko kwa muda mrefu bila kuugusa, kama mtu aliyeonyeshwa maiti aitambue.

"Miaka hii yote," akasema. "Mimi nikimkuta Mulwa mjini navuka barabara, nisimsalimie mwizi. Na wewe uko kando yangu, umenishika mkono."

"Nilikupenda hadi nikaogopa."

"Mimi nilipendwa. Yeye alifanya nini?"

Odhiambo aliinuka, akampigia Were, aliyekuwa mwenye ploti, akaomba namba ya Mulwa, akaipiga, kisha akamsukumia mkewe simu na kurudi nyuma hadi ukutani.

Iliita. Ikaita.

"Haloo, nani?" Sauti ya Mulwa ilikuwa imezeeka.

Peres aliketi, akaliweka shati magotini, akashika simu kwa mikono miwili.

"Ni Peres," akasema. "Wa ile ploti ya Riruta. Tafadhali usikate."